Homa ya Mapafu ya Mbuzi

Wengi husema ugonjwa huu huletwa na baridi. Hata mimi niliambiwa hivyo utotoni. Mwaka 1976 watafiti nchini Kenya walitangaza kijidudu walichokipata katika mapafu ya mbuzi wagonjwa, jamii ya mikoplazma. Hupita kwa pumzi na kikohozi, mbuzi wakibanana zizini usiku. Ukimpasua aliyekufa utaona pafu, mara nyingi la upande mmoja, gumu kama ini, limegandana na mbavu. Basi mbuzi wa mnadani, hata wa mahari, atengwe kwanza wiki nne. Chanjo ipo, mwiteni mtaalamu wa mifugo kundi likiwa bado zima, maana haimponyi aliyekwisha kuugua.