Waya za Bweni na Joto la Dari
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mzinga, Morogoro)



Kamati imeniagiza niseme machache kuhusu waya za bweni, kabla hatujachanga fedha. Kazini kwangu hupitia zabuni za ukarabati wa majengo, na karibu kila mara waya inayopendekezwa ni ile nyembamba, kwa kuwa bei yake ni ndogo.

Ganda la plastiki ya PVC limetengenezwa kustahimili digrii 70 za sentigredi, si zaidi. Joto hilo halitoki kwenye umeme peke yake. Hewa inayozunguka waya ina joto lake, na vitabu vya wahandisi huhesabu hewa ya digrii 30. Wenzangu, ni nani kati yetu aliyepanda darini hapa Mzinga saa nane mchana mwezi wa Januari? Upepo wa Uluguru hupoza vibaraza. Chini ya bati joto laweza kufika 50. Zimebaki digrii 20 tu za kuchezea.

Waya ya milimita za mraba 2.5, ikiwa ndani ya bomba, hubeba ampia 24 katika hewa ya digrii 30. Katika 50 hubeba 17 tu. Sasa tazameni chumba cha mlezi wa bweni: birika wati 2,000, jiko wati 1,500, pasi wati 1,000. Kwa volti 230, hizo ni karibu ampia 19.6. Kwenye karatasi waya inatosha, darini haitoshi.

Haitaungua siku hiyo hiyo, na hapo ndipo hatari ilipo. Wahandisi hukadiria kwamba kila digrii 10 zikizidi, maisha ya ganda hupungua karibu nusu. Ganda ambalo lingedumu miaka 20 kwenye digrii 70, kwenye 80 litadumu kama 10. Hukauka, hupasuka, shaba hubaki wazi juu ya vichwa vya watoto waliolala. Na fundi akiona fyuzi inakatika mara kwa mara, huweka kubwa zaidi! Hapo kinachoilinda waya kimeondolewa.

Kwa hiyo naomba mstari wa soketi za chumba hicho uwe wa milimita 4, ambayo katika joto hilo hubeba karibu ampia 22, na swichi ya kujikata isizidi 20. Mabomba matatu yasifungwe pamoja, maana waya hupashana joto. Taa za watoto zitumie waya ya kawaida. Mzigo wake ni mdogo.

Tofauti ya bei ipo. Mweka Hazina anayo hesabu yake, naye atawasomea sasa.