Gari Lililokaa Mkuku

Ukitajiwa gari la deraya, bila shaka unaona chuma kinene na vidirisha vidogo. Leo tuiname kidogo, tuchungulie uvunguni.

Desemba 1972, wapiganaji wa ZANLA, jeshi lililopigania uhuru wa Zimbabwe, wanaanza mashambulizi mapya kaskazini mashariki mwa Rhodesia, kama nchi hiyo ilivyoitwa wakati ule. Wengi wa wapiganaji wa jeshi hilo walipata mafunzo hapa kwetu Tanzania, wengine katika kambi ya Mgagao, mkoani Iringa. Vita vile vikaja na mabomu ya kutega ardhini. Bomu moja la Kisovieti la kulipulia magari lilibeba zaidi ya kilo 5 za TNT, nalo lilifukiwa tu kwenye barabara ya vumbi, likasubiri tairi.

Mwanzoni walowezi walijitetea kwa walichokuwa nacho. Walipanga magunia ya mchanga kwenye sakafu ya Land Rover, wakatandika mipira mizito, wakajaza maji kwenye matairi. Msicheke! Maji yale yalipunguza makali ya mlipuko kweli. Lakini sakafu ilibaki bapa, na sakafu bapa huupokea mlipuko wote. Chuma kinaruka juu ghafla, na mtu aliyekaa anavunjika miguu au uti wa mgongo, hata kama hakuna kipande kilichomgusa.

Dawa ikapatikana kwenye umbo. Bodi iliinuliwa juu, mbali na ardhi, na upande wa chini ukachongwa kwa umbo la herufi V, kama mkuku wa jahazi, ili mlipuko upasuke na kutokea ubavuni. Gari moja la Rhodesia, Leopard, lilitumia injini ya Volkswagen, na magurudumu yake yakasogezwa mbali mbele na nyuma ya abiria. Bomu liling'oa gurudumu, watu wakabaki. Ila ilibidi wajifunge mikanda, la sivyo vichwa viligonga dari.

Afrika Kusini ikalichukua wazo hilo na kutengeneza Casspir, gari la tani kama 11. Jina lake lilitokana na herufi za SAP, yaani polisi, na CSIR, taasisi ya utafiti. Lilibuniwa listahimili kilo 21 za TNT chini ya gurudumu, au 14 chini ya bodi.

Sasa hapa, msikilizaji, mimi nasita kulisifu. Casspir ndilo lililowabeba Koevoet, kikosi cha polisi wa Afrika Kusini kule Namibia, na ndilo lililoingia mitaa ya Waafrika nchini Afrika Kusini kwenyewe miaka ya 1980 likiwa limepakwa rangi ya njano. Mitaani kule hakukuwa na bomu lililotegwa. Kilichokuwapo ni vijana na mawe, na polisi waliowatazama kutoka juu.

Baada ya ukaburu, Casspir hizo hizo zilipelekwa kutegua mabomu Msumbiji na Angola. Wamarekani nao, walipoumizwa na mabomu ya barabarani Iraki, mwaka 2007 waliagiza kwa maelfu magari yenye tumbo la V. Mwaka huo huo wanajeshi wa Uganda, na baadaye wa Burundi, waliingia Mogadishu chini ya Umoja wa Afrika, na Casspir zikawa kati ya magari yao. Madereva wake wana tahadhari moja: gari likikaa juu hivyo hupinduka kwa urahisi, kwa hiyo kwenye kona mguu unatoka kwenye mafuta mapema.