Kollam: Wilaya Inayobangua Korosho Zetu



Korosho ghafi zinapoondoka Bandari ya Mtwara, baadhi huelekea India. Naomba tuitazame wilaya moja iliyojengeka kwa korosho za namna hiyo.

Wilaya ya Kollam imo katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, kando ya Bahari ya Arabu. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu wakazi wapatao milioni 2.6, wengi wao wakizungumza Kimalayalam. Bandari yake ni kongwe: msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, baadaye alifika huko pia. Mkorosho wenyewe uliletwa na Wareno kutoka Brazili, kwao na kwetu.

Mikorosho ya Kollam haikuvitosheleza viwanda vyake. Tangu enzi za Tanganyika, malighafi imetoka Afrika. Kilichoipa wilaya hiyo jina ni mikono ya wanawake, ambao ndio wengi viwandani: hubangua, humenya ngozi na kupanga madaraja. Hata hivyo, malighafi ikiadimika, viwanda hufungwa, nao hukosa ujira.

Ndugu wananchi, wenzetu wana ujuzi ila korosho haziwatoshi. Sisi tunazo, lakini nyingi huondoka na maganda yake, na ajira ya kubangua huondoka nazo. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyokusudia kubangua vimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya Halmashauri.