Mgonjwa Aulizwe Kwanza

Maandishi ya hotuba iliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti mbele ya wahudumu wa afya ya jamii na wakazi



Nimeombwa nizungumze kuhusu ubaguzi wa kijinsia katika huduma za afya. Tukisikia neno ubaguzi, wengi wetu tunawaza matusi au mtu kufukuzwa mlangoni. Hayo yapo. Lakini upo ubaguzi mwingine unaokuja kwa sura ya huruma: mtu anakuamulia jambo la mwili wako bila kukuuliza, kisha anasema amekulinda.

Nitatoa mfano ambao watu wa Homa Bay wanauelewa vizuri. Mwaka 2012, utafiti ulioongozwa na Madaktari Wasio na Mipaka huko Ndhiwa ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa akiishi na virusi vya Ukimwi. Kwa hiyo dawa mpya ikija, kwetu ni habari ya nyumbani.

Mwaka 2017 Kenya ilianza kutoa dawa iitwayo dolutegraviri, ambayo wengi wanaijua kama DTG. Inashusha virusi haraka, na kwa kawaida haileti sana ile shida ya kizunguzungu na ndoto mbaya iliyowasumbua wengi waliotumia efavirenzi.

Mwezi Mei 2018, watafiti nchini Botswana waliripoti jambo la kutisha. Kati ya akina mama 426 waliokuwa wakitumia DTG walipopata mimba, 4 walijifungua watoto wenye kasoro ya ubongo au uti wa mgongo. Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari, na ilikuwa haki yake kufanya hivyo. Lakini tazama kilichofuata. Hapa Kenya, wanawake wa umri wa kuzaa walielekezwa wabaki kwenye dawa ya zamani, isipokuwa wale waliokuwa na njia ya uhakika ya kupanga uzazi. Wanaume waliendelea kupewa dawa bora. Mwanamke ambaye hakuwa na mpango wa kuzaa tena aliwekwa kapu moja na yule aliyetaka mtoto mwaka huo huo.

Mwezi Julai 2018, wanawake 39 wanaoishi na virusi, kutoka nchi 18 za Afrika, walikutana Kigali. Hawakukataa kwamba hatari inaweza kuwapo. Walichotaka ni kuelezwa faida na hatari zote, kisha waachiwe nafasi ya kuchagua. Mwaka mmoja baadaye, hesabu kamili zaidi kutoka Botswana ilionyesha watoto 5 kati ya akina mama 1,683. Mwezi Julai 2019, Shirika la Afya Duniani likapendekeza DTG kwa watu wote, wanawake wakiwemo.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waliotoa maagizo yale hawakuwa watu wabaya. Kosa lilikuwa kumwona kila mwanamke kama mama wa mtoto ambaye hajatungwa bado, badala ya kumwona kama mgonjwa aliyeketi mbele yao.

Dharau nayo huanzia hapo hapo. Mwezi Agosti 2013, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya Bungoma, na wauguzi wakampiga kofi. Mwezi Machi 2018, Mahakama Kuu iliamua kwamba haki na heshima yake zilivunjwa, akapewa fidia ya shilingi milioni 2.5. Kauli ya "vumilia, wenzako wote wamezaa" ni ndogo kinywani, lakini ndiyo inayofanya kilio cha mwenye uchungu kisisikike. Tusiseme Bungoma ni kwao. Kila kaunti yenye wodi ya kujifungulia inahusika na hukumu ile.

Wanaume nao wanaumia kwa njia yao. Mama mjamzito hupimwa virusi anapokwenda kliniki. Mume wake anaona kliniki ni mahali pa wanawake, na mvuvi wa omena anayekesha ziwani hulala saa zile zahanati iko wazi. Matokeo yake, wanaume wengi hufika wakiwa wamechelewa. Tunapomcheka mwanamume aliyeandamana na mkewe kliniki, tunamfukuza na wengine kumi.

Sasa tufanye nini? Mhudumu, kabla hujaamua, muulize mgonjwa mambo matatu: unasikiaje mwilini, unataka nini, na umeelewa nini katika niliyokueleza? Akisema anaumwa, anza kwa kumwamini. Mwanamke mzima akitaka njia ya kupanga uzazi, sheria ya Kenya haidai barua ya mume.

Nawe mkazi, una haki ya kujua. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakupa haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka uelezwe hali yako, matibabu yaliyopo, faida na hatari zake, na idhini yako itafutwe. Sheria hiyo hiyo inakupa haki ya kulalamika ukitendewa vibaya. Uliza jina la dawa. Uliza kama ipo nyingine. Ukikosewa, andika tarehe, saa na mahali, kisha umfikie msimamizi wa kituo. Usipopata jibu, nenda kwa afisa wa afya wa kaunti ndogo yako. Nyamrerwa, mama asiyejua kuandika msaidieni kuandika.

Mimi kazi yangu ni kupeleka habari kutoka serikalini kwenda kwa wananchi. Lakini habari ya afya ina njia mbili. Zahanati isiyomsikiliza mgonjwa haiwezi kumtibu vizuri, hata rafu zake zikijaa dawa.

Sasa nipo tayari kwa maswali yenu, na ningependa tuanze na akina mama walioketi nyuma.