Gari la Zamani: Tazama Mgongo Kabla ya Rangi

Mada kwa wanunuzi wa magari yaliyotumika, Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita



Leo tutazungumza juu ya ununuzi na ufufuaji wa magari ya zamani, na hasa gari ambalo wengi wetu tulilijua kabla ya kujua kusoma, yaani Land Rover.

Mapenzi ya magari makongwe yapo duniani kote. Huko Marekani, mtu hununua Ford Mustang au Pontiac GTO ya miaka ya 1960 iliyotelekezwa ghalani, akatumia miaka na fedha nyingi kuirudishia sura yake. Kwetu Tanzania mapenzi hayo yameiangukia Land Rover. Mwezi Oktoba 2024, wamiliki walikusanyika Arusha na magari yao, mamia kwa mamia. Hapa kwetu, hata hivyo, sababu si mapenzi peke yake. Anayetoka Kahama kwenda Geita, au anayepeleka mapipa ya maji machimboni Nyarugusu, anatafuta gari linalovumilia vumbi la kiangazi na tope la masika, ambalo fundi wa jirani analijua. Kwa hiyo watu hununua mikweche katika minada na gereji, wakitumaini kuifufua.

Hatuji kuwakataza. Tunakuja kuwaonyesha mahali ambapo fedha hupotea.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa adimu, hivyo bodi yake ikatengenezwa kwa mabati ya aluminiamu. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Lakini chesisi, yaani fremu inayobeba injini, bodi na abiria, ni ya chuma, na chuma huoza. Ndiyo maana Land Rover ya miaka 50 inaweza kuwa na bodi nzima na mgongo uliokufa. Anayeitazama kwa juu huona uzima, ilhali ugonjwa uko chini.

Tuchukue mfano wa mzee mmoja mstaafu. Amepokea kiinua mgongo na anataka gari la kubebea mazao na abiria siku za gulio. Dalali anamwonyesha Land Rover 109 iliyopakwa rangi ya kijani inayong'aa, yenye viti vipya na tairi nyeusi tii. Injini inawaka kwa ufunguo mmoja. Mzee analipa fedha taslimu, anapewa kadi ya gari yenye jina la mtu asiyemfahamu, na anaahidiwa kwamba mwenye jina atakuja kusaini. Mwezi wa tatu, likiwa na mzigo, fremu inakatika nyuma ya ekseli. Fundi anapokwangua rangi nyeusi ya chini anakuta vipande vya bati vilivyochomelewa juu ya kutu. Mzee anarudi kwa dalali, na simu haipatikani. Anakwenda kubadilisha umiliki, na namba iliyo kwenye kadi hailingani na iliyo kwenye chuma. Kiinua mgongo kimekwisha, na gari alilonacho haliwezi kubeba mzigo wala kuuzwa kihalali.

Mzee huyu hakuwa mjinga. Alikagua kila kitu alichoonyeshwa. Kosa lilikuwa kutokagua kile ambacho hakuonyeshwa.

Basi tunawashauri mambo manne.

Kwanza, lala chini ya gari kabla ya kuliwasha. Nenda mchana, na fundi uliyemchagua wewe, si wa muuzaji. Chukua nyundo ndogo na bisibisi. Gongagonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito na bisibisi huzama. Tazama zaidi boriti ya mwisho nyuma, mikono inayotoka pembeni kushika bodi, na sakafu ya miguu ya dereva, kwa kuwa maji na tope hutuama hapo. Rangi nyeusi mpya chini ya gari kuukuu si sifa; ni sababu ya kukwangua. Uliza pia gari limeishi wapi. Lililokaa pwani miaka mingi limevuta hewa ya chumvi, hata kama leo linauzwa Shinyanga penye ukame.

Pili, linganisha namba. Katika Land Rover za zamani, namba ya chesisi kwa kawaida huwa imegongwa kwenye chuma chenyewe, mbele upande wa kulia, karibu na shikio la springi. Isome kwa macho yako na uilinganishe na kadi. Kama imekwanguliwa au imegongwa upya, ondoka. Namba ya injini nayo ilinganishwe. Land Rover nyingi zimewekewa injini za Toyota au Isuzu. Hilo si kosa, ila kadi inapaswa kuonyesha injini iliyomo. Mamlaka ya Mapato, TRA, ndiyo inayosajili magari. Nenda ofisini kwao na muuzaji, mhakikishe jina la mmiliki na madeni ya gari kabla fedha haijatoka mfukoni. Mwombe pia mkaguzi wa magari wa polisi alitazame. Fremu iliyooza inaweza kubadilishwa, na injini iliyokufa inaweza kufufuliwa. Lakini hakuna fundi anayechomelea umiliki usiokuwapo.

Tatu, elewa masharti ya mnada. Gari la mgodi, la shirika au la serikali huuzwa kama lilivyo na mahali lilipo. Maana yake ni kwamba ubovu utakaougundua kesho ni wako. Tumia siku za ukaguzi zinazotangazwa, panga bei yako ya mwisho ukiwa nyumbani, na usiipite kwa joto la kushindana. Ukishinda, usiondoke bila stakabadhi na hati zitakazokuwezesha kubadilisha umiliki.

Nne, andikianeni na fundi. Ufufuaji wa gari huliwa na maneno ya mdomo. Andikeni kazi zitakazofanyika, vipuri vitakavyonunuliwa na nani atavinunua, gharama ya ufundi na tarehe. Lipa kwa hatua, kila hatua baada ya kazi kuonekana, na udai urudishiwe vipuri vya zamani. Kuhusu breki, usukani na springi, usikubali kipuri cha bandia kwa sababu ya unafuu wa bei. Ununuapo dukani, dai risiti ya EFD. Bila risiti, malalamiko yako yanabaki kuwa hadithi.

Ndugu wananchi, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha au kumdanganya mlaji, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza bidhaa bandia. Ukidanganywa na mfanyabiashara wa magari au wa vipuri, leta malalamiko Tume ya Ushindani; kwa kanda hii, ofisi yetu iko Mwanza. Njoo na mkataba, risiti, picha na majina. Ukinunua kwa mtu binafsi asiye mfanyabiashara, tegemeo lako kubwa ni mkataba wa maandishi wenye mashahidi, ambao mahakama inaweza kuusoma.

Tumalizie kwa jambo mnalolijua kuliko sisi. Mchimbaji wa Geita hanunui jiwe kwa sababu linameta. Hulisaga, huliosha, akatazama kinachobaki chini. Mtu mwenye subira hiyo mbele ya jiwe asiipoteze mbele ya gari. Likague kama mnavyokagua jiwe, na likiwa zima, lifufue, ulipande kwa amani, nasi tutafurahi kukutana nalo njiani.