SHERIA AU BIASHARA: NENO JUU YA VIJANA WETU WENYE KAZI
(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano wa Mwaka wa Chama)



Halmashauri imetuagiza tuseme juu ya jambo lifikalo mezani petu mara kwa mara. Kijana aliyekwisha kupata kazi, labda katika kiwanda cha chai cha Kebirigo kule Nyamira au katika afisi ya Kaunti hapa Kisii, anataka kurudi chuoni, naye hajui asomee sheria au biashara. Baba yake huja pamoja naye, na mara nyingi baba amekwisha kuamua: sheria.

Hatushangai. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha katika Kaunti ya Kisii watu wapatao 957 kwa kila kilomita ya mraba. Penye mashamba madogo hivyo ugomvi wa mpaka haukosekani, na mzee aliyesimama mahakamani bila wakili haisahau siku ile. Tena jina la hayati James Nyamweya, aliyesomea sheria Uingereza katika miaka ya 1950 akawa wakili na baadaye waziri, lingali likitajwa. Lakini je, hayati Simeon Nyachae? Yeye alikuwa mtumishi wa Serikali na mfanyabiashara, akawa Waziri wa Fedha mwaka 1998, wala hakuwa wakili.

Basi tuihesabu njia yenyewe. Shahada ya sheria ni miaka 4. Baada yake kuna Chuo cha Sheria cha Kenya kule Nairobi, mitihani ya masomo 9, na miezi 6 ya kujifunza kazi chini ya wakili mzoefu. Hata akiisha kuapishwa, haruhusiwi kufungua afisi yake mwenyewe mpaka atimize miaka 2 ya kazi. Anayekomea katikati hana ruhusa ya kumsemea mtu mbele ya hakimu.

Biashara si hivyo. Mitihani ya uhasibu ya Kasneb hufanywa kwa hatua, mtu akiwa kazini. Akikosa karo husimama, kisha huendelea alipoachia. Mwenye shahada ya kwanza aweza kupata ya uzamili katika biashara kwa muda wa miaka 2 hivi, akisoma jioni na Jumamosi. (Ndugu zetu Wasabato waulize mapema habari ya Jumamosi hiyo.) Tena mkulima wa kahawa akipunjwa katika vitabu vya chama cha ushirika, atakayeuona wizi ule kwanza ni mhasibu.

Hatusemi sheria iachwe. Kijana mwenye ulimi na subira, na mwenye njia ya kuilisha nyumba yake miaka hiyo yote, na aende. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopewa hati mwaka 2013, hufundisha yote mawili karibu na nyumbani. Tunalolipinga ni kuuza kipande cha shamba ili kulipa mwaka wa kwanza tu. Kijana akikwama, ardhi imekwenda, na huenda kesi ya kwanza atakayoisikiliza ikawa ya ndugu zake mwenyewe.

Kwa hiyo Halmashauri inaomba mikopo ya elimu ya Chama itolewe sawasawa kwa njia zote mbili, na kila mwombaji alete hesabu ya karo ya miaka yote mpaka mwisho, ikiwa na sahihi ya mzazi au mke. Wazee wenye neno na waseme sasa, kabla ya kura.