Swichi Kubwa za Umeme: Yampasayo Katibu Kuuliza Kabla ya Kutia Sahihi

(Maelezo ya hotuba kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Umeme ulianza kutumika mjini Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa utawala wa Wajerumani, ukihudumia karakana za reli na sehemu ndogo ya mji. Leo Kariakoo haifanani na mji ule. Kuanzia Mtaa wa Msimbazi hadi Mtaa wa Kongo, maghorofa yamesimama mahali palipokuwa na nyumba za chini za Kiswahili, na ndani yake mna maduka, maghala, vyumba vya baridi, lifti na pampu za maji. TANESCO huufikisha umeme mtaani kwa msongo wa kati, yaani kilovoti 33 na kilovoti 11, kisha transfoma huupunguza hadi volti 400 na 230 kwa matumizi ya kawaida.

Mteja mkubwa aweza kupokea umeme kwa msongo huo wa kati moja kwa moja, akawa na transfoma yake na kabati lake la swichi. Chama cha ushirika chenye jengo, kinu au ghala la baridi chaweza kuwa mteja wa namna hiyo. Hapo ununuzi wa kabati huwa juu ya mabega ya halmashauri ya chama, na fedha itumikayo ni ya wanachama.

Na uchukuliwe mfano wa chama kinachojenga ghala Kariakoo. Wauzaji watatu wameleta bei za kabati la kilovoti 11. Bei ya mmoja ni nusu ya wenzake. Mjumbe anasimama na kusema kwamba makabati yote ni ya chuma, yote yana mpini na taa, basi lichukuliwe la bei ndogo. Wajumbe wanapiga makofi. Makofi hayo ndiyo yanayopaswa kuogopwa. Wazee walisema rahisi huvunja upishi.

Transfoma ya kVA 500 ikifanya kazi kwa ukamilifu huvuta takriban ampea 26 tu upande wa kilovoti 11. Kwa kazi hiyo ya kila siku, kabati hafifu na kabati imara huonekana sawa. Lakini kebo ikichomwa na sururu ya mchimba mtaro, au maji yakiingia kwenye kiungo, mkondo wa shoti waweza kupanda hadi maelfu ya ampea kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Siku hiyo moja ndiyo iliyolipiwa. Kabati lisiloweza kuukata mkondo huo hupasuka.

Kwa sababu hiyo yapo maswali ambayo katibu hana budi kuyauliza, na majibu yake yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Kwanza, kifaa hiki chakata nini? Swichi ya mzigo hukata umeme wa kawaida, lakini haikuundwa kukata shoti. Hulindwa na fyuzi zake. Kikata mzunguko hukata vyote viwili kikiamriwa na rilei. Vyote ni halali mahali pake, ila asiyejua tofauti yao aweza kuuziwa cha kwanza kwa jina la cha pili. Kiwango cha shoti kipimwe kwa kiloampea, kwa mfano 16, 20 au 25, na kisipungue kile ambacho TANESCO itasema chaweza kutokea mahali hapo. Kwa mtandao wa kilovoti 11 kabati hupaswa kuwa la kilovoti 12 angalau.

Pili, cheti ki wapi? Makabati ya namna hii hupimwa kwa kiwango cha kimataifa IEC 62271-200. Cheti cha majaribio ya aina kitoke kwa maabara isiyo ya muuzaji, na jina la modeli pamoja na viwango vyake vilingane na kibao kilichobandikwa kwenye kabati lenyewe. Aidha, kila kabati huwa na taarifa yake ya majaribio ya kiwandani yenye namba yake. Nakala ya cheti cha kabati jingine si cheti.

Tatu, likipasuka ndani, moto utatokea upande gani? Kabati lililopimwa kwa jambo hili huandikwa IAC. Herufi AFLR maana yake ni kwamba lilipimwa kumlinda mtumishi aliyeruhusiwa kuingia, akiwa mbele, ubavuni au nyuma. Jioni ya Jumamosi, tarehe 10 Julai 2021, moto uliunguza Soko Kuu la Kariakoo. Chanzo chake si mada ya hotuba hii. Funzo lake ni kwamba katika mitaa iliyobanana hivi, hasara haiulizi mpaka wa kiwanja. Chumba cha swichi kiwe na njia ya kutolea gesi ya moto, kisiwe stoo ya maboksi wala mahali pa kulala mlinzi.

Nne, litastahimili hewa ya pwani? Joto, unyevu, chumvi na vumbi huharibu vihami polepole. Kabati lililofungwa kabisa hustahimili zaidi. La hewa ya wazi huhitaji hita ndogo ya kuzuia umande na usafi wa mara kwa mara. Tena lisiwekwe chini ya ardhi mahali ambapo maji ya masika yaweza kuingia.

Tano, ndani mna nini? Vikata mzunguko vya mafuta vya zamani huhitaji matunzo mengi, na mafuta huwaka. Vipya vingi hukata ndani ya ombwe. Vingine hutumia gesi ya SF6, ambayo ni kihami kizuri lakini hupasha joto dunia zaidi ya mara 23,000 kuliko hewa ya kaboni kwa uzito ule ule. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku vifaa vipya vya gesi hiyo vya hadi kilovoti 24 kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Sheria hiyo si ya Tanzania. Hata hivyo kabati hudumu miaka mingi, na ni busara kuuliza nani atauza vipuri na nani ataiondoa gesi hiyo mwishoni.

Sita, nani atalifunga na kulitunza? Fundi awe na leseni ya EWURA ya daraja linaloruhusu msongo huo. Rilei ipangwe kwa makubaliano na TANESCO, ili hitilafu ya ghala ikatwe ghalani. Isipopangwa vema, shoti ya chama kimoja huzima mtaa mzima, na mama ntilie asiyehusika hupoteza samaki wake.

Baada ya majibu hayo ndipo bei zilinganishwe. Pamoja na bei ya kununua zihesabiwe gharama za vipuri, matunzo, mafunzo ya watumishi, na bidhaa zitakazooza umeme ukikatika siku tatu kwa kungoja kipuri. Mara nyingi aliyekuwa wa kwanza kwa urahisi huwa wa mwisho. Kama bado yeye ndiye bora, achukuliwe bila haya, maana ghali nayo si ushahidi wa ubora.

Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 lilianza kuzalisha mwaka 2024, na taifa lina umeme mwingi kuliko awali. Lakini umeme wote huo, ili umfikie mwanachama, hupita katika swichi ya mwisho. Halmashauri iliyonunua swichi hiyo kwa makofi haitakuwa na la kumjibu mkaguzi, wala mjane wa mtumishi aliyetumwa kuufungua mlango wake. Halmashauri iliyouliza maswali sita itafungua kitabu cha kumbukumbu na kuonyesha ukurasa.